Nakala ya Fundi wa Boila: Wasifu wa Dada Yetu Mchapaji

Marehemu dada yetu, ambaye ofisini na mtaani mlimwita Nakala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika nyumba namba 17 ya wafanyakazi wa reli, ile ya mwisho kabla ya kufika karakana. Alikuwa mtoto wa nne wa fundi vyuma na mkewe mshonaji, na wa kwanza wa kike. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta vitu havikupangwa sawasawa. Mkunga akasema, "Huyu atawasumbua." Akatusumbua kweli, miaka sabini na mmoja, na leo tungetoa chochote tusumbuliwe tena.

Alianza shule ya msingi ya reli mwaka 1957. Akiwa darasa la sita, siku ya kugawa zawadi, zawadi ya mahudhurio ilikwenda kwa mtoto wa mwalimu mkuu. Ieleweke kwamba mwalimu mkuu aliishi ndani ya ua wa shule, mlango wa jiko lake ukitazamana na mlango wa darasa. Watu wakapiga makofi. Marehemu akanyoosha kidole. "Mwalimu, sasa huyu angekosaje? Si akiamka tu yuko shuleni?" Wazazi wakaangua kicheko. Akaulizwa kwa ukali alitaka apewe nani, naye akamtaja msichana aliyekuwa akivuka bonde kila asubuhi na viatu mkononi, aliyekosa siku mbili tu za mafuriko. Msichana hakupewa kitu. Marehemu alipewa wiki nzima ya kufagia ua wa mwalimu mkuu. Baba alipoulizwa na majirani alijibu, "Ameuliza swali tu, hajavunja dirisha." Baadaye alisoma sekondari ya wasichana, kisha chuo cha uhazili, akahitimu Novemba 1971, wa pili katika darasa la watu thelathini na wanane. Kwa nini hakuwa wa kwanza, aliwahi kueleza, ila maelezo yake ni marefu na jua linapanda.

Jumatatu tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa mchapaji katika ofisi ya nishani za taifa, ghorofa ya tatu, chumba namba 31. Dirisha la chumba hicho lilifungwa kwa waya kwa sababu komeo lake lilikufa kabla yeye hajafika, na alipostaafu aliuacha waya uleule. Kazi yake ilikuwa kuchapa maelezo, yaani yale maneno yanayosomwa mbele ya watu mtu anapovishwa nishani, ili ijulikane amefanya nini. Kila ukurasa aliuwekea karatasi ya kaboni ili abaki na nakala, ameagizwa hajaagizwa, na hapo ndipo lilipotoka jina la Nakala.

Miaka ya mwanzo aliipenda mno kazi hiyo. Alirudi nyumbani na habari za mlinzi wa daraja aliyesimamisha treni kwa kupepea shati lake, na za muuguzi aliyekaa na wagonjwa wa kipindupindu siku arobaini bila kukanyaga kwake. Alisema ukichapa mambo kama hayo vidole vinakwenda vyenyewe.

Halafu wakaanza kuja wakurugenzi. Mwenye benki, kwa kukuza benki. Mwenye saruji, kwa kutengeneza saruji nyingi. Marehemu alichapa, lakini akija kwa kaka yake mkubwa, ndiye anayewasomea haya, alikuwa anaweka kijiko chini katikati ya chakula. "Kaka, hebu nisaidie. Mwenye benki amekuza benki. Alitakiwa akuze nini? Mahindi?"

Tarehe 24 Aprili 1976 aliolewa na fundi saa, ambaye kibanda chake kilikuwa mkabala na ofisi. Marehemu alipeleka saa iliyosimama; fundi akaifungua, akasema haina ubovu wowote, imesahauliwa tu kutiwa ufunguo. Angeweza kutoza, hakutoza. Marehemu alituambia jioni ile ile kwamba amepata mtu. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji yetu alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, akijaribu kumpoza. "Mke wangu, nishani si bati tu na utepe?" Naye alikuwa akimjibu, "Kama ni bati, mbona wanalishonea suti mpya?" Shemeji alitutangulia mwaka 2011.

Turudi ofisini, maana jambo lililomkaa rohoni lilianzia huko. Jumanne tarehe 9 Agosti 1988 kiwanda cha magodoro kiliungua. Wengi mnakumbuka ule moshi. Mwaka uliofuata yaliletwa mezani kwake majina mawili kutoka kiwanda hicho hicho, la mwenye kiwanda na la fundi wa boila. Marehemu aliyachapa yote mawili. Karatasi ya mwenye kiwanda ilirudi na sahihi. Ya fundi ilirudi na wino mwekundu: "Alikuwa akitimiza wajibu wake wa kawaida. Hastahili."

Akainuka na karatasi zote mbili mkononi, akaingia kwa mkuu wa ofisi bila kubisha hodi.

"Bosi, huyu wa kwanza amefanya nini?"

"Ameajiri watu mia nne, dada. Bila yeye hao mia nne wangekuwa wapi?"

"Na bila hao mia nne yeye angekuwa wapi? Godoro linajishona?"

"Analipa kodi kubwa."

"Mimi yangu inakatwa hata kabla sijaiona. Nishani yangu iko wapi?"

Mkuu alikuwa mtu mpole, akamwomba akae. Hakukaa. "Bosi, chukua kalamu. Futa kila kitu ambacho kila mmoja alilipwa kukifanya. Kitakachobaki ndicho nitakachochapa." Mkuu aliipitia karatasi ya kwanza mstari kwa mstari, kisha akasema, "Dada Nakala, ukifuta hivyo hapa patabaki jina na tarehe." "Basi!" akasema marehemu. Ila sahihi ilikuwa imeshawekwa, na ilikuwa ya mtu wa juu zaidi ya mkuu.

Wiki hiyo mwenye kiwanda alikuja mwenyewe chumba namba 31 kuyaangalia maelezo yake, kama walivyozoea wengi wao. Akasoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. "Dada, hapa ongeza: kwa kujitolea."

"Mzee, mshahara wa mwaka ule uliukataa?"

"Niukatae kwa nini?"

"Basi hilo neno halina pa kukaa."

Mwenye kiwanda akacheka. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, na mazishi ya wafanyakazi wake alikuwa akihudhuria. "Kwani una ugomvi gani na mimi? Mimi sikuomba. Wameniletea."

"Wakikuletea cha mwenzako unapokea?"

Hapo hakucheka tena. Marehemu alihamishiwa masjala, chini kabisa, ambako hakuna dirisha la kufunga hata kwa waya, akakaa miaka miwili. Neno "kwa kujitolea" lilichapwa na mtu mwingine.

Lakini karatasi ya fundi hakuiacha. Kila Januari aliichapa upya na kuipeleka, hata alipokuwa masjala, kwa mashine ya kuazima wakati wenzake wamekwenda kula. Kila mwaka wino mwekundu ukarudi na maneno yale yale, tena mara mbili ukarudi bila maneno, mstari tu. Alikuwa akigonga meza. "Kazi yake ilikuwa boila! Boila! Mlango ulikuwa kazi yake lini?" Alistaafu tarehe 31 Machi 2005. Walimwandalia cheti cha utumishi mwema; alikipokea, akashukuru, akauliza kama jina lake linaweza kufutwa waandike la fundi. Wakadhani anatania. Tangu hapo aliituma karatasi kwa posta, na posta ikaacha kuleta jibu lolote. Tumezihesabu nakala kabatini kwake, ziko thelathini na moja. Fundi mwenyewe aliwahi kumsihi, akiwa amekuja kumrekebishia bomba la jikoni: "Mama, achana nalo. Mimi nimeshasahau." Marehemu akamwambia, "Wewe sahau. Mimi siwezi, nimelichapa."

Novemba 2019 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Januari iliyofuata ndiyo ya kwanza ambayo hakuchapa. Binti yake mkubwa alimhudumia kwa uvumilivu ambao haukuwa rahisi, maana marehemu alikosoa hata namna dawa zilivyopangwa. Mwezi wa Mei mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa wodi namba 4. Huko alimwita kaka yake, akamwonyesha bahasha chini ya mto.

"Kaka, wasifu wangu utausoma wewe. Najua utazunguka weee mpaka watu wachoke miguu. Zunguka, lakini ukimaliza soma hii."

"Hii si habari yako."

"Nimeandika habari za watu maisha yangu yote. Hii moja haijasomwa."

Alifariki Alhamisi tarehe 3 Juni 2021, saa tatu asubuhi, binti yake akiwa ameshika mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima.

Ameacha watoto watatu, mabinti wawili na kijana mmoja, wajukuu saba, kaka mmoja, wadogo wawili, na mashine moja ya taipu ambayo wajukuu wanaigombania. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi namba 4. Inaishukuru pia ofisi yake ya zamani kwa shada la maua.

Sasa isomwe bahasha, kama alivyoagiza.

"Fundi huyu alilipwa kutunza boila. Yafuatayo hakulipwa. Jumanne tarehe 9 Agosti 1988, saa nne na robo asubuhi, moto ulipowaka katika ghala la sponji, yeye alikuwa tayari nje, upande wa lango, salama. Mlango wa nyuma wa chumba cha washonaji ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa amri ya kiwanda, sponji isiibwe. Alirudi na mtaimbo. Alivunja kufuli, na bati la mlango lilipokwama alilivuta kwa mikono mitupu likiwa la moto. Walitoka wanawake ishirini na sita. Akauliza kama wametimia, akaambiwa bado mmoja. Akaingia tena, akatoka naye. Hakuna aliyemwagiza. Kesho yake hakuweza kushika kijiko. Kwa hayo, taifa linamshukuru."

Fundi yupo hapa, mstari wa pili, koti la kahawia. Anaombwa asimame. Na kama yupo miongoni mwetu mama yeyote aliyetoka kwa mlango ule, asimame naye.

Dada, imesomwa. Lala sasa, na amani ikae nawe.