Rinskje Haitsma na Saa ya Kuzunguka Kulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukanda, kunyoosha na kufunga misuli ya watelezaji wa mbio za barafuni wa Klabu ya Barafu ya Wintermar, Bi Rinskje Haitsma anastaafu tarehe 31 Machi, siku ileile ambayo mitambo ya baridi itazimwa na barafu ya msimu huu kuachwa iyeyuke. Katibu wetu ameniomba ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya jarida hili. Furaha ipo, nami nitaigusia. Ila mtu aliyeitumikia klabu kwa muda huo wote anastahili kuelezwa kwa ukweli, hasa na klabu ambayo mara nyingi haikumsikiliza.

Alizaliwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, kando ya mfereji uliokuwa ukiganda mapema kuliko mingine yote ya kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Utotoni alikwenda shuleni kwa kuteleza, na nyakati nyingine, kwa maungamo yake mwenyewe, aliipita shule bila kusimama. Alisomea tiba ya viungo mjini Groningen, akarudi, akaajiriwa hapa. Chumba alichopewa kilikuwa katikati ya stoo ya mifagio na mtambo wa maji ya moto, naye akaombwa akivumilie kwa muda tu, mpaka klabu ijenge kingine. Nimefanya kazi ndani ya chumba hicho kama msaidizi wake kwa misimu miwili, na ninathibitisha kwamba muda huo haujakwisha.

Waliopita kwenye meza yake ya kukandia wanazijua sheria zake. Ya kwanza ilikataza maneno "hakuna shida". Sisi tumelelewa kutolalamika. Mtelezaji wa kwetu akivunjika mguu husema unawasha kidogo. Bi Haitsma, kwa hiyo, aliacha kuuliza midomo. Alibonyeza paja kwa kidole gumba, mwenye paja akaruka kama samaki, naye akauliza kwa upole kama hapo ndipo pasipo na shida. Mwenyekiti wetu, Fedde Ypma, aliwahi kumwendea na shingo iliyokakamaa baada ya kupaka rangi mashua yake. Ukelele alioutoa ulimfanya dereva wa mashine ya kulainisha barafu asimame katikati ya uwanja akidhani amemgonga mtu. Mwenyekiti alitoka na shingo inayogeuka pande zote mbili. Laiti na mawazo yangekandwa kwa dakika chache namna hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo kila mmoja wetu analiona kila siku, na kwa sababu hiyo halioni. Mchezo wetu huzunguka kushoto. Watoto wetu huanza kuzunguka kushoto kabla hawajajua kusoma, na huendelea hivyo mpaka viungo vikatae. Katika kona, mwili wote huinama kushoto huku goti la kulia likiwa limekunjwa, limebeba uzito kwa muda mrefu kuliko lenzake. Msuli uliokunjwa na kukazwa hivyo huibana mishipa yake yenyewe. Damu haipiti vizuri, pumzi haifiki, na uchovu hujilimbikiza upande mmoja. Kisha kiuno hujipinda ili kuusaidia mguu, na mgongo hujipinda ili kukisaidia kiuno. Nimesoma maandiko mengi juu ya jambo hili. Bi Haitsma aliyasoma pia, mengine kabla sijazaliwa, na pembeni mwa kurasa aliandika maneno ya dharau ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha.

Klabu nayo ilikuwa na elimu yake. Wazee wa hapa wanakumbuka jioni ya kupima mapaja: kila vuli, kabla ya supu ya njegere na mkate mweusi, kocha Gosse Dykhuis alipanda juu ya benchi la kantini na futi ya fundi cherehani, akawapima vijana mmoja baada ya mwingine na kutangaza vipimo kwa sauti ya mnadani. Mwenye paja nene alipigiwa meza. Mwenye jembamba aliambiwa arudi kwa mama yake akaongezwe viazi. Ilikuwa burudani safi, na ingebaki burudani kama Gosse asingeugeuza mzaha huo kuwa mpango wa mazoezi.

Vuli moja futi hiyo ilizungushwa kwenye mapaja ya Oane Tjalma, kijana mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliowahi kulelewa hapa. Paja lake la kulia lilikuwa nene kuliko la kushoto kwa tofauti iliyoonekana kwa macho. Kantini ilipiga meza. Gosse akaamua kwamba mguu wa kulia umekwisha kuiva na wa kushoto ni dhaifu. Majira yote ya baridi mazoezi ya nguvu yakaelekezwa kushoto, na wa kulia ukaachiwa kona. Bi Haitsma alikuwa akimsimamisha Oane kwa mguu huo wa kulia pekee, goti likiwa limekunjwa, akiutazama ukitetemeka muda mrefu kabla ya ule mwembamba. Unene ule ulitokana na kazi, na kazi ilikuwa imeuchosha. Aliieleza halmashauri ya klabu kwamba kijana apumzishwe hata kama atakosa mchujo wa taifa.

Kumbukumbu za kikao hicho hazisemi mengi, lakini waliokuwapo wamenisimulia kwa namna moja. Mwenyekiti alimwambia, "Rinskje, wewe una vidole, sisi tuna futi. Futi haidanganyi."

"Haidanganyi, Fedde," alijibu. "Haijui tu ilichoulizwa."

Walicheka. Kisha wakamwita Oane mwenyewe, wakamuuliza mbele ya watu wote kama yuko tayari. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa wa kwetu. Akasema hakuna shida.

Katika kona ya mwisho ya mchujo, mguu wa kulia ulipotakiwa kusukuma, haukusukuma. Oane aliruka nje ya njia na kuyagonga magodoro ya ukutani kwa kiuno. Msuli ulikuwa umebanduka kwenye mfupa, na mgongo haukurudi tena kuwa wa mtelezaji. Leo anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, na akishuka kwenye lori hutanguliza mguu wa kushoto. Taarifa ya klabu iliyaita yote hayo bahati mbaya. Ninalipinga neno hilo. Bahati mbaya ni jambo ambalo hakuna aliyelisema mapema. Hili lilisemwa, kikaoni, na mtu aliyeajiriwa kulisema, na likachekwa. Gosse aliondoka majira ya kuchipua yaliyofuata, bila sherehe. Halmashauri ilibaki kama ilivyokuwa.

Bi Haitsma angeweza kuondoka pia. Klabu kubwa zilimtaka. Alibaki, akaomba kitu kimoja: saa moja kwa wiki, Jumapili asubuhi, ya watelezaji kuzunguka kulia, ili mguu wa kulia upate nafasi ya kupumua na wa kushoto ujifunze mzigo. Aliambiwa ni hatari, bima haitakubali, tena majirani watatuona vichaa. Basi akaanza peke yake kabla ya milango kufunguliwa kwa umma. Mwanamke aliyeteleza tangu utotoni alianguka kama ndama kila kona, na wafanyakazi wa kantini wakatoka na kahawa zao kuangalia. Mmoja alimuuliza kama amesahau njia ya kwao. Alijibu kutoka chini, akiwa amekaa barafuni, kwamba njia ya kwao anaijua, anatafuta ya kutokea. Msimu huohuo vijana wawili walijiunga naye, kisha timu nzima ya wasichana. Halmashauri ikaipa ruhusa saa hiyo ilipogundua kwamba ilikuwa ikifanyika bila ruhusa.

Je, saa hiyo imeleta medali? Hapana, na sitamsingizia. Nilipofika kutoka chuo kikuu nilimweleza, kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, kwamba ushahidi wa manufaa yake ni mchache. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja taulo. "Basi uukusanye wewe," aliniambia, "mimi nina watu wa kukanda." Nimeanza kuukusanya. Ninachoweza kutetea kwa sasa ni hiki: wale wanaozunguka kulia kila Jumapili huja mezani na malalamiko ya kiuno mara chache zaidi kuliko wasiozunguka, na wanapouchosha mguu mmoja hutambua mapema. Hakuna kombe la kitu kama hicho. Lakini wapo vijana katika klabu hii wanaotembea wima, na hawajui kwamba wanadaiwa shukrani.

Mwezi uliopita halmashauri iliamua kwamba saa ya kuzunguka kulia itakoma anapostaafu. Mwenyekiti alieleza kuwa ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo anaondoka. Katika kikao hichohicho waliamua pia zawadi. Ile futi ya fundi cherehani, iliyosahaulika msumarini jikoni kwa miaka yote hii, imesafishwa na kuwekwa ndani ya fremu ya kioo, na bamba la shaba linalosema "Kwa kumbukumbu ya siku njema". Ninaamini waliichagua bila ubaya wowote. Waliyasahau tu yaliyompata Oane, na sijui kama hilo ni kosa dogo au kubwa zaidi. Bi Haitsma amekwisha kuambiwa ili asishtuke. Amesema ataitoa kwenye kioo, kwa kuwa anahitaji kupima mapazia.

Kwa desturi yetu, anayestaafu huzungushwa uwanja mara moja huku wenzake wakipiga makofi. Aliomba mzunguko wake uwe wa kulia. Alijibiwa kwa barua yenye adabu kwamba, kwa sababu za usalama, uwe wa kawaida. Ameukataa mzunguko wa heshima. Badala yake atasimamia saa yake ya mwisho kama Jumapili yoyote, asubuhi ya tarehe 31, kabla ya keki ya kumuaga.

Wasomaji wa jarida hili, wengi wenu mmelala kwenye meza ile. Njooni na viatu vyenu vya barafu. Mtaanguka; hata Bi Haitsma alianguka. Mkitosha kuujaza uwanja, mwenyekiti atahesabu kwa macho yake saa hii ni ya watu wangapi, nami ninajitolea kuisimamia kuanzia Oktoba. Msipokuja, mwenyekiti atakuwa amesema kweli. Oane Tjalma atakuwapo. Hatapanda barafuni, amesema atasimama langoni, awashikie makoti wale wote watakaopanda.

Bi Rinskje Haitsma, asante kwa vidole vyako, kwa ukaidi wako, na kwa kubaki mahali ambapo hapakustahili ubaki. Tunakutakia siku ndefu, mifereji inayoganda mapema, na kila jioni miguu miwili iliyochoka sawasawa.