Nyumba Iliyorukwa na Jumuiya

Baba Paroko, ndugu, majirani na wanajumuiya, mimi ni Kasimiri, mjomba wa marehemu, na kwa niaba ya ukoo nawaomba mnisikilize hadi mwisho, maana ipo sehemu ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isomwe bila kupunguzwa.

Mpwa wangu Janeth alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 kijijini Nyandira, Mgeta, wazazi wake wakiwa mtu na binamu yake. Alipofika miaka saba alianza kutoka mabaka na sunzua bapa, vile vinundu vidogo vya ngozi, usoni na mikononi, tukasema ni mba, tukampaka ndimu na kila dawa tuliyoelekezwa, yakabaki palepale. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1998, akalima kabichi na njegere mlimani, jua likimpiga kichwani, kisha akashuka mjini kuuza mboga Msamvu.

Tarehe 16 Julai 2005 alifunga ndoa na Bwana Innocent, aliyekaa hapa mbele, wakahamia nyumba hii ya Kilakala, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti yao, Furaha.

Mwaka 2019 kidonda cha kwenye paji la uso kilikataa kupona, daktari wa ngozi akaeleza kuwa ni saratani, iliyoletwa na kirusi cha papiloma cha ngozini pamoja na jua, kwamba kirusi hicho hukaa kimya kwenye ngozi za watu wengi tangu utotoni, ila Janeth alizaliwa na mwili usioweza kukizuia, kasoro aliyoirithi kwa wazazi wote wawili kwa kuwa walikuwa wa damu moja. Mwaka 2020 Furaha alichanjwa shuleni kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, Bwana Innocent akasikia nayo huletwa na kirusi cha papiloma, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, akaona yote ni mamoja, akahama, akitangaza kuwa mkewe ameokota uchafu kwa wanaume wa Msamvu. Daktari alimwita amweleze kuwa virusi hivyo ni vya aina nyingi na hiki si kile, hakwenda.

Nanyi wanajumuiya, ambao sala yenu huzunguka nyumba kwa nyumba, mkaanza kuiruka nyumba hii, naye kila ilipofika zamu yake alifagia uwanja, akatandika mikeka, akawasha mshumaa, akasali na binti yake. Sasa nasema alichoagiza: Janeth hakutoka nje ya ndoa yake hata siku moja. Kirusi hicho huenda ninacho mimi ninayesoma, na ninyi mliokataa kumpa mkono, na kutengwa kwake kunatuuma sana.

Alifanyiwa upasuaji mara mbili, lakini saratani ilishafika kwenye tezi za shingo, akafariki dunia tarehe 4 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wauza mboga wenzake walioendelea kunywa naye chai, na jirani yetu Bi Mwanvita, aliyemsafisha vidonda hadi mwisho. Tunaishukuru pia jumuiya kwa maturubai, masufuria, na kwa kuja wote bila kukosa hata mmoja.

Janeth mwanangu, uwanja tumekufagilia, mikeka imetandikwa, jumuiya imefika kwako, sasa pumzika kwa amani.