Bwana Alivyofungua Kinywa cha Joakina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aa, hapana, hiyo ni sauti ya watu waliokuja na njaa. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia. Na ninyi ndugu zangu Waislamu mliokuja kufurahi nasi leo hapa Masasi, asalaam aleikum. Furaha hii ni yenu pia, na mtaona kwa nini.

Mimi ni Mama Joakina wa Kitangari. Wengi mnanijua kwa mdomo. Mume wangu husema nikinyamaza ndipo anaogopa, anaanza kuuliza nani kafariki. Basi ndugu zangu, mwanamke mwenye mdomo huu mnaousikia ndiye aliyemfanya mtoto wake mwenyewe awe bubu. Nimekuja kusema, na leo msinivute kanga mpaka nimalize!

Nilikaa katika ndoa miaka kumi na miwili bila mtoto. Nilitumia dawa za majani, nikafunga, nikalia mpaka nikachoka. Watu waliniita jina la mume wangu tu, Mama Nani hakuna. Ninyi kina mama mnajua hiyo inavyochoma, kusalimiwa njiani na mtu akakwama hapo katikati hajui akuiteje.

Siku zile biashara zilikuwa zimeanza kufunguliwa. Mitumba ilishuka kama mvua, redio zikaingia hata kwa watu ambao jana walikuwa hawana chumvi. Mume wangu akawaachia wadogo zake mikorosho, akabeba robota la mitumba kwenda kuuza kwa wakimbizi waliovuka Ruvuma kukimbia vita ya Msumbiji. Huko akamwona mtoto wa kike, miaka sita hivi, hana baba, hana mama, amebebwa mpaka upande wetu na watu asiowajua. Akarudi nyumbani hana hata hamu ya kula. Akaniambia, "Mke wangu, nimemwona mwanetu."

Tulikwenda kwa watu wa ustawi wa jamii, tukahojiwa, tukaandikishwa, tukapewa barua yetu yenye muhuri. Nilirudi Kitangari na mtoto mgongoni! Mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, lakini sikumshusha. Nilitaka kila mtu aone. Nilipita hata njia isiyo ya kwetu ili nionekane zaidi. Jina lake Joakina. Jioni ile ile jirani akanisalimu, "Mama Joakina, hujambo?" Nilijibu mara tatu.

Ndugu zangu, furaha ile nikaiharibu kwa mikono yangu.

Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mnajua. Na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Binti akifika umri wa kuingia unyagoni, wazee huuliza, "Mjomba wake nani?" na mjomba husimama. Asiposimama mtu, binti anabaki nje, na mama yake anabaki nje naye. Mimi nina kaka mmoja tu, Damiani. Nilimpelekea mtoto amwone. Akamtazama, akasema, "Dada, huyu anasema Kimakua cha ng'ambo. Nitasimama mbele ya wazee niseme ni wa ukoo gani? Mimi si mjomba wake."

Hapo hofu ikaniingia, na hofu ikanipa akili ya kijinga. Nikajiambia, mtoto huyu akisahau kwao, atakuwa wa kwetu. Akisahau lugha yake, Damiani atamkubali, na hata ndugu zake wakija kumtafuta hatawajua. Nikaanza kazi ya kumsahaulisha.

Kitangari maji tunayafuata bondeni, unashuka na ndoo tupu, unapanda na ndoo na roho yako juujuu. Kikombe cha maji kwetu si kitu cha kuchezea. Mtoto alikuwa akija na kikombe chake, anasema "maasi", ndivyo wanavyoita maji kwao. Mimi nikakishika kikombe juu. Nikamwambia, "Sema maji." Akisema maasi, simpi. Ndugu zangu, nilimnyima mtoto mwenye kiu maji mpaka aseme ninavyotaka mimi! Na nilidhani ninamlea.

Siku moja akaacha kuomba. Alisimama pembeni ya mtungi akanitazama tu. Kesho yake vile vile. Baada ya hapo hakusema maasi, hakusema maji, hakusema kitu chochote. Alifanya kazi zote, alifagia, alicheza kidogo na wenzake, lakini sauti hakuna. Karibu miaka miwili! Watu wakaanza kusema nimeokota bubu. Damiani akasema, "Nilikwambia."

Mume wangu akachoka kuniona nasingizia pepo. Tukapanda lori la korosho, tukashuka mpaka hospitali ya hapa Masasi, pale Mkomaindo. Daktari akamtazama ulimi, akamtazama masikio, akampigia makofi nyuma ya kichwa. Akasema mtoto mzima kabisa. Akaniuliza, "Nyumbani anasema na nani?"

Tulipotoka tulikaa nje na wagonjwa wengine. Kando yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, Mama Saidi, Mmakua wa papo hapo Mkomaindo. Yule pale mbele, mwenye kanga ya njano, simama wakuone, mama! Alikuwa anakula karanga. Akamtazama mwanangu, akamsemesha Kimakua, tena kwa mzaha, akimfinya shavu. Na Joakina akajibu! Alijibu maneno mawili, kisha kumi, kisha yakamwagika. Mume wangu alisimama wima, kofia mkononi. Mimi nilifanya nini? Nilimshika mtoto mkono nikamvuta! Mama Saidi akanishika kanga, akaniambia, "Mama, mtoto alikuwa na mdomo. Nani kauziba?"

Nilimchukia mwanamke yule. Nisamehe, Mama Saidi, nilikuchukia mpaka lori lilipofika Kitangari.

Lakini alikuwa ameshamweleza mume wangu habari za kikundi hiki. Kwamba kila Jumamosi, hapa uani, wanakutana watu waliopokea watoto kutoka ng'ambo, Wakristo na Waislamu. Kwamba wamama wa Kimakua wanakuja kuwapikia watoto vyakula vya kwao, wanawafundisha ngoma na hadithi za kwao kwa lugha yao, na wazazi wanakaa pembeni kujifunza. Wazazi kujifunza! Mimi nikacheka. Mume wangu hakucheka. Jumamosi iliyofuata akamfunga mtoto kanga mpya akaniambia, "Ukitaka, njoo. Usipotaka, sisi tunakwenda."

Nilikwenda kwa wivu tu. Na nikaona! Watoto zaidi ya ishirini, wanapiga kelele kama kuku waliomwagiwa mtama. Joakina alikaa mapajani mwangu wimbo mmoja. Wimbo wa pili akashuka. Wa tatu alikuwa katikati, ameinua mikono, anaimba kuliko wote! Nililia pale pale nikiwa na sahani ya kisamvu mkononi. Tukawa tunakuja kila tulipopata lori. Na mimi nikajifunza. Kimakua changu kinachekesha, Mama Saidi ameomba mara nyingi nikiache, lakini nakisema.

Mngedhani mambo yamekwisha. Bado! Nilikuwa nimemruhusu mtoto kusema, lakini hofu sikuitoa. Vita ikaisha ng'ambo. Bwana wa ustawi wa jamii akaja hapa kwenye kikundi na daftari lake, akasema majina ya watoto yataandikwa, yatasomwa upande wa pili, ili ndugu waliobaki wajue wako hai. Wenzangu walishangilia. Mimi nilishikwa na baridi mchana. Wiki ile nikamtorosha Joakina, nikampeleka kijiji cha Lupaso kwa rafiki yangu wa zamani, nikamdanganya mume wangu kuwa amekwenda kusaidia kuokota korosho. Jumamosi nikaja hapa peke yangu. Wakaniuliza mtoto yuko wapi. Nikasema anaumwa.

Tukaanza kuomba. Siku ile tulikuwa tunaombea ndugu wa ng'ambo waliopotelewa na watoto. Mama Saidi na wenzake walikuwa wameinua mikono yao kwa dua upande ule, sisi upande huu. Na mimi ninaombea watu wapate watoto wao, huku mtoto wao nimemficha Lupaso! Ndugu zangu, ulimi ulikuwa mzito. Mdomo huu! Nilifungua, sauti haikutoka. Hapo ndipo nilipojua mwanangu alivyojisikia miaka ile miwili. Bwana alinionyesha kwa mwili wangu mwenyewe.

Nikaanguka magoti. Sauti iliporudi nikasema yote mbele ya watu. Nikasema nilimnyima mtoto maji. Nikasema nimemficha. Nikasema, "Bwana, ulinipa mtoto nikamshika kama mwizi." Mama Saidi alikuja akaniinua, akanifuta pua kwa kanga yake, akasema, "Haya, twende Lupaso." Tukaenda siku ile ile, wanawake saba kwa miguu na baiskeli! Joakina nilimwomba msamaha kwa Kimakua changu kibovu. Akacheka, akanirekebisha. Jumatatu jina lake likaandikwa daftarini, na mkono wangu ndio uliotia sahihi. Na ile hofu, ndugu zangu, iliondoka! Nililala kama mtoto.

Msimu mmoja wa mvua baadaye mjomba akaja. Mjomba wa damu, Alberto, kaka wa marehemu mama yake. Alivuka Ruvuma na baiskeli yake ndani ya mtumbwi. Mtu mpole, maneno machache. Tulimpa maji ya kunawa, akala, kisha akasema, "Shemeji, sikuja kugombana. Mama yangu ni mzee, haoni tena. Anataka kumshika mjukuu wake." Akaomba mwezi mmoja. Nilitazama barua yetu ya muhuri ukutani. Nilikuwa na haki ya kukataa. Nikafunga nguo za mtoto, nikamfungia na korosho za bibi yake, nikasema, "Nenda, mwanangu, ukawasalimie kwenu."

Mwezi ukaisha. Hakurudi. Mwezi wa pili ukaanza! Damiani akapita uani kwangu akasema, "Unaona? Mtoto wa watu huenda kwa watu." Na unyago ulikuwa umekaribia, ngoma zinatengenezwa. Hapo ndipo kikundi hiki kilipopanda Kitangari. Hawakuja na maneno mengi. Walishuka bondeni wakanitekea maji, wakapika, wakakaa nami siku tatu. Mama Saidi alisali sala zake kwenye mkeka wangu, mimi nikasali zangu, tukagawana karanga. Nilisema, "Bwana, akibaki huko, bado ni wewe uliyenipa. Sirudi nyuma." Nilisema nikilia, lakini nilimaanisha.

Siku ya tatu, jua la saa kumi, tukasikia kelele njiani. Mtoto yuko juu ya baiskeli ya Alberto, anasema, hapumui, anasema tu! Mafuriko yalifunga mto, bibi aliumwa akapona, mtumbwi ulitobolewa na kiboko, mjomba Alberto ana mbuzi mweupe, na mama, mbona umekonda? Mume wangu akasema, "Haya, sasa wenye mdomo ninao wawili!" Aleluya!

Damiani alikuwa amekuja kuona kelele ni za nini. Joakina akapiga goti. "Shikamoo, mjomba." Yeye hakuitika. Mtoto akafungua mzigo wake, akatoa mkeka mpya uliosukwa vizuri. Akasema, "Bibi amekupa wewe. Nilimwambia kwetu Kitangari nina mjomba anaitwa Damiani. Bibi amesema asante kwa kunitunza."

Ndugu zangu, kaka yangu hakuwahi kumpa mtoto yule hata muwa! Aliupokea mkeka kwa mikono miwili. Akasema, "Marahaba, mama," akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Siku ya unyago ikafika. Wazee wakakaa, mabinti wakapangwa, wakaanza kuuliza mmoja mmoja. Wakafika kwa Joakina. "Mjomba wake nani?" Alberto akasimama, kwa sababu alibaki kwa ajili hiyo. Na kabla hajafungua mdomo, upande wa pili Damiani akasimama. "Mimi," akasema. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Sasa ni yupi?" Damiani akamwendea Alberto, akamshika mkono, wakatembea pamoja mpaka kwa mtoto. Akasema, "Sisi."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia! Mimi, Mama Joakina, mwenye mdomo, sikuweza kusema kitu. Niliachia machozi tu.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu aliyetangulia kuja hapa nikiwa nimenuna. Nawashukuru kina mama wa Mkomaindo, Mungu awalipe. Na wewe uliyekaa pale nyuma na mtoto uliyempata kutoka mbali, unaogopa akiwajua wenzake wa kwao atakuacha, nakusihi, mtegemee Bwana. Uje Jumamosi. Mwache mtoto aimbe kwa lugha yake, nawe kaa karibu umsikilize. Sasa naomba nikae, maana mwanangu ameniinulia mkono kule, naye anataka kushuhudia. Mpeni nafasi. Joakina, njoo mwanangu, sema!