Noela Jilala wa Karatasi ya Jumatano

Marehemu Noela Jilala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika kijiji cha Mwabusiga, nje kidogo ya Maganzo, mkoani Shinyanga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Jilala Masunga na Mama Mbuke, aliyeketi hapa mbele. Wengi wamekuwa wakiuliza kwa nini mtoto wa Agosti apewe jina la Krismasi. Muuguzi aliyempokea ndiye aliyeitwa Noela, na mzee Jilala, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwa ng'ombe wake, hakuona sababu ya kutafuta jina jingine.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Shinyanga, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1997. Mwaka 1999 alikwenda Mwanza kusomea kompyuta. Mzee Jilala aliuza madume mawili kwa ajili ya ada, na majirani walipomuuliza binti anakwenda kusomea nini, alijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni mashine ya kuchapa yenye televisheni. Noela alihitimu mwaka 2001, na alipenda kuwasimulia wateja wake kwamba hajawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchapa mikataba katika ofisi ya wakili mmoja mjini Shinyanga. Huko ndiko alikopata ugonjwa wa kusoma maandishi madogo. Sisi wengine tukiweka programu kwenye simu tunabonyeza "Nakubali" na kuendelea na maisha. Noela alisoma. Alisoma yote, na akimaliza alikueleza ulichokubali, upende usipende. Mdogo wake Boaz, ndiye anayewasomea wasifu huu, aliwahi kunyimwa kompyuta yake kwa wiki nzima kwa sababu aliweka humo programu ya wizi. Alipolalamika, aliambiwa akamlalamikie aliyemwibia.

Tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na ndugu Amosi, wakati huo kijana wa duka la vipuri. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wema na Valerian. Mwaka 2006 walihamia Geita. Amosi alianza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, na Mama Wema akafungua steshenari karibu na stendi.

Mlango wa steshenari ile ndio uliomfanya ajulikane. Kila Jumatano, kuanzia mwaka 2009 hadi mwili ulipokataa, alibandika pale karatasi moja yenye habari za teknolojia za wiki hiyo na maoni yake. Aliandika kuhusu leseni za programu, hataza za kumiliki uvumbuzi, wizi wa mitandaoni na kampuni kubwa za mbali zinazofungia watu vitu walivyovinunua wenyewe. Mtu angedhani waendesha bodaboda wa Geita hawana habari na mambo hayo, lakini Jumatano saa tatu asubuhi walikuwa wamesimama mlangoni wakibishana. Aliandika kwamba namba ya siri ukishamwambia mjomba inakuwa mali ya ukoo. Aliandika kwamba programu usiyoruhusiwa kuitazama ndani ni chakula cha mpishi anayekuzuia kufunua sufuria. Hakung'ata maneno, na Paroko wetu ni shahidi, kwa maana aliambiwa waziwazi kwamba matangazo ya kanisa hayafai kuchapwa kwa programu iliyoibwa. Paroko alicheka, akakubali, na tangu hapo parokia inatumia programu huria. Ratiba mliyoishika imechapwa kwa hiyohiyo. Kama mistari imepishana ukurasa wa tatu, lawama zote ni zake marehemu.

Mwaka 2016 alitengeneza programu yake mwenyewe ya simu, akaiita Karati. Broka, yaani mnunuzi wa dhahabu kama Amosi, hupima kipande mara mbili, kwanza kikavu, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, na kutokana na tofauti ya uzito hujua dhahabu ina usafi wa karati ngapi. Hesabu hiyo ilifanywa na broka peke yake, na mchimbaji aliambiwa jibu tu. Karati iliifanya mbele ya macho ya wote wawili. Noela aliitoa bure, na leseni yake aliiandika kwa Kiswahili: tumia, fungua, badilisha, gawa, na utakayemgawia awe na ruhusa kama uliyopewa wewe. Mabwana wawili walikuja kutoka Dar es Salaam wakitaka washirikiane naye kuombea hataza. Aliwapa soda, akawaambia, "Maji nimeyakuta, dhahabu nimeikuta. Nilichofanya mimi ni kugawanya." Baada ya miaka miwili, mchimbaji wa Nyarugusu alikuwa hakubali kupimiwa bila ya kwanza kuuliza, "Ya Mama Wema iko wapi?"

Mwezi Julai 2019 alimpelekea mumewe chaja mezani kwake Nyarugusu, akaona maji ya kupimia. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wateja walikuwa wametumbukiza vipande vyenye udongo tangu asubuhi, na maji hayakuwa yamebadilishwa. Noela alivua pete yake ya ndoa akaipima humo, kisha akaipima tena katika maji ya kunywa. Ndani ya maji ya mezani ilipungua karibu karati nzima. Maji yenye tope ni mazito na hunyanyua kitu zaidi, na yeye, alipokuwa akiijaribu programu yake, aliijaribia jikoni kwake kwa maji ya kunywa. Hakuwaza kwamba machimboni hakuna anayepoteza maji safi kwa kazi hiyo. Kwa miaka mitatu wachimbaji walikuwa wakipunjwa, na programu iliyowapunja ilikuwa na jina lake.

Jioni ile mumewe alimsihi. "Mama Wema, rekebisha kimyakimya. Ukisema, watu watasema mke anatega, mume anakusanya. Tutaishi wapi?"

"Baba Wema, kila Jumatano nawasema watu wanaoficha makosa ya programu zao. Yangu niyafunike kwa kanga?"

Jumatano tarehe 17 Julai karatasi mlangoni ilianza kwa neno "Nimekosea", ikaeleza kila kitu, pamoja na kazi ya mumewe. Watu walimjia juu. Nasibu, mchimbaji aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi, alifika na wenzake kumi, akamuuliza, "Dada, kumbe sisi tunakonda ili mumeo anenepe?" Noela hakulia mbele yao. Aliwaambia Karati haijafungwa, wamtafute mtu wanayemwamini aifungue na kuisoma, wala yeye asiwepo. Wakampata mwalimu Donatus wa Buseresere, anayefundisha hisabati na asiyemjua Noela wala Amosi. Alikaa nayo siku tatu. Kwenye mkutano wa wachimbaji, tarehe 3 Agosti, alisimama akasema, "Nimesoma mistari yote. Mtego hamna. Yuko mtu aliyesahau kwamba maji ya hapa si ya kunywa."

Maneno hayo yalimwondolea jina la wizi, ila si mara moja. Miezi minne steshenari ilikaa bila wateja, na Wema alirudi kutoka shuleni akilia kwa aliyoambiwa. Noela aliirekebisha Karati. Siku hizi inaanza kwa kuyapima maji yenyewe, na yakiwa machafu inakataa kuendelea. Alikwenda duara kwa duara, shimo kwa shimo, kuwaonyesha wachimbaji kwa mkono wake. Nasibu ndiye aliyembebea mizani.

Mwezi Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Mwanza kwa karibu mwaka mzima, na aliipokea hali yake kwa utulivu uliotushangaza sisi tuliozoea kumwona akibishana. Wauguzi walifundishwa kubadilisha namba zao za siri. Tarehe 11 Februari 2025, siku ya Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, jumuiya na majirani wote. Wabeja sana.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, ndugu wanne, watoto wawili, Wema na Valerian, na mume, ndugu Amosi. Huyu ameomba jambo moja liandikwe hapa. Familia imebishana siku mbili. Wapo waliosema msibani si mahali pake. Mama Mbuke ndiye aliyekata shauri, akasema mwanawe hakuwahi kuficha kitu, basi asizikwe juu ya kitu kilichofichwa.

Wiki tatu kabla ya kifo, Amosi alimwambia mkewe wodini kwamba kuna neno linamkaba. Noela akasema, "Nalijua. Siku ile niliyoona maji, wewe hukushtuka."

"Miaka yote hiyo! Kwa nini hukuandika?"

Akamweleza desturi ya watu wanaoshughulika na usalama wa programu. Anayeona ufa humwambia kwanza mwenye nyumba, humpa siku za kuuziba, ndipo hutangaza. "Nilikupa siku, Baba Wema."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu. Ila ziba."

Haya ndiyo maneno ya ndugu Amosi, kama alivyoyaandika kwa mkono wake: "Mimi Amosi nilijua tangu mwaka 2017 kwamba maji machafu yanapunguza karati. Niliacha kuyabadilisha kwa makusudi. Mke wangu hakujua. Aliposema amekosea, nilimwacha abebe peke yake lawama ambazo nyingi zilikuwa zangu. Nawaomba radhi wachimbaji wa Nyarugusu, na watoto wangu, na wewe Noela."

Kuanzia Jumatatu ndugu Amosi atakuwa mezani kwake Nyarugusu. Kila aliyempimia miaka ile anakaribishwa kudai alichopunjwa, na mwalimu Donatus amekubali kukaa naye kwa ajili ya hesabu.

Noela, mama yetu, dada yetu, ubishi umekwisha. Pumzika kwa amani.