Harufu ya Bia Niliyoiapia

Efraín, zima hiyo televisheni. Rosalba, mwanangu, sogeza kiti uje upande huu wa kitanda, maana nataka mnisikie wote wawili kwa pamoja, ili kesho mmoja asije kumwambia mwenzake kwamba baba alisema vingine. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kugawa, si ya kuchezea.

Mmekuwa mkiniuliza tangu utotoni kwa nini Crispín Ocampo aliacha kuja hapa nyumbani, naye alikuwa kompadre wangu, maana mimi ndiye niliyemshika bintiye Nieves kwenye maji ya ubatizo. Mama yenu Otilia alikuwa akiwajibu kwamba watu wazima wana mambo yao, naye amekwenda kaburini akiamini kwamba Crispín ndiye aliyenikosea. Leo nayasema, na nawaombeni msinipe maji mpaka nimalize, kwa sababu nikinyweshwa nitapata kisingizio cha kunyamaza.

Tulikuwa wawili kwenye mnyororo wa juu, pale kiwandani, tukisukuma mapande ya ng'ombe yaliyoning'inia kwenye ndoano. Mwezi wa pili, baridi ya Nebraska iko nje na baridi ya kiwanda iko ndani. Ndoano moja ikakwama. Crispín akapiga kelele mashine izimwe, na nyapara wetu, Haskell, akajibu kutoka kule juu, "Hakuna kuzima! Ingiza mkono, wewe si bibi harusi!" Watu wakacheka, hata mimi nilicheka. Crispín akaingiza mkono, mnyororo ukaruka, na mkono wake wa kulia ukaenda nao. Nilipomrukia kumvuta, pande zima likaniangukia mgongoni. Tulilala sakafuni bega kwa bega, damu yake ikinipasha moto, naye ndiye aliyeniuliza mimi kama nimeumia.

Sheria ya huku inasema mfanyakazi akiumia kazini alipwe fidia, kosa liwe la yeyote. Lakini akiwa amelewa, hapati kitu. Bibi mmoja wa bima ya kiwanda alilijua hilo vizuri kuliko padre anavyoijua Baba Yetu. Alikuja hapa na mkalimani na keki ya dukani, akakaa pale ulipokaa wewe, Efraín.

"Bwana Barrientos," akasema, "mgongo wako tunauona, na tunataka kukumalizia mambo yako upesi. Ila huyu mwenzako. Asubuhi ile hukusikia harufu yoyote kinywani mwake?"

"Harufu gani?"

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Bia, kwa mfano."

Nikasema, "Labda."

"Labda haiandikiki, bwana. Ndiyo au hapana?"

Rosalba, wewe ulikuwa tumboni. Kodi ya nyumba hii, siku hizo tukiwa bado tunapanga, ilikuwa imechelewa miezi miwili, na mimi siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Ulimi hauna mfupa, wanangu, ndiyo maana unapinda kirahisi kuliko mgongo. Nikasema ndiyo. Wiki iliyofuata nikaapishwa mbele ya mwandishi na mawakili wao, nikasema ndiyo tena, na mwezi haukuisha wakanipa mkataba wa suluhu: dola elfu thelathini na nane. Nyumba hii mnayolala nikainunua; hizi kuta ndizo hizo dola.

Crispín yeye alipokea barua tu. Ilisema kwamba kuna shahidi wa ulevi wake, haikumtaja jina. Wakili wake alipoiona barua ile akaiacha kesi kama mtu anavyoacha mbwa barabarani. Crispín akaamini kwamba shahidi ni Haskell. Alikuja hapa kwangu, kisiki cha mkono kikiwa bado na bandeji, akamtukana Haskell matusi yote ya kwao Michoacán, nami nikamsaidia kutukana. Mji huu ukamwita mlevi. Hakuna kiwanda kilichomtaka. Akawa anatengeneza baiskeli za watoto kwa mkono mmoja, na watoto wenyewe wakimwuliza, "Don Crispín, leo umekunywa ngapi?"

Mimi nilidhani nimeuza kwa bei nzuri. Sikujua kwamba katika ule mkataba kulikuwa na mstari mmoja unaosema matibabu yangu ya baadaye yamefungwa, kampuni haidaiwi tena hata kidonge. Miaka sita baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, daktari akataka kunipasua, nikaenda kwao, wakanionyesha sahihi yangu. Nikatafuta wakili, tukafungua shauri mjini Lincoln kuomba suluhu ile ivunjwe, kwamba sikuelewa nilichotia sahihi. Na mgongo huu haukuniruhusu kuendesha gari, basi nani alinipeleka? Crispín. Saa mbili barabarani, akaniambia, "Kompadre, ukiwashinda hao, nitalewa kweli siku hiyo, ili wasiwe waongo bure." Akaja akaketi benchi la nyuma, kofia yake magotini.

Wakili wao, kijana mpole, akaniuliza, "Siku ile ulipoapa, uliyaelewa maswali?"

Nikasema sikuyaelewa yote.

"Uliapa kwamba Bwana Crispín Ocampo alikuwa akinuka bia. Hilo ulilielewa? Ni kweli, au ulisema uongo chini ya kiapo?"

Wanangu, nilikuwa na nafasi. Neno moja tu. Lakini nikawaza jela, nikawaza pesa, nikakodolea macho meza ya jaji ili nisigeuke nyuma. Nikasema, "Ni kweli. Nilielewa."

"Basi Mheshimiwa Jaji," akasema yule kijana, "mtu huyu alielewa." Akaketi. Kesi ikaishia hapo. Walinifunga kwa kamba niliyoisokota mwenyewe.

Nilipotoka, Crispín alikuwa ameshawasha gari. Sikuweza kujipinda kuvuta mkanda, akanyoosha mkono wake mmoja akanifunga, taratibu, kama anavyofungwa mtoto. Mashamba ya mahindi yakapita, yakapita. Karibu na kuingia mjini ndipo akasema, "Ulikuwa uji, Eleuterio."

Hakuniita kompadre. Na kweli alichonuka kinywani kilikuwa uji wa mahindi wenye mdalasini. Aliupika mama yenu asubuhi ile ya ajali, na mimi ndiye niliyembebea chupa. Alikuwa hajagusa bia tangu Nieves abatizwe.

Akanishusha mlangoni, hakunisemesha tena mpaka alipokufa, majira manne ya baridi yaliyopita. Mazishini sikwenda. Niliwaambia mgongo unauma. Majuto ni mjukuu, husema wahenga, lakini huyu wangu amezeeka nami nyumba moja.

Juzi nilimwita padre na mthibitishaji wa viapo, nikaapa upya, nikaandikisha yote. Kesi haiwezi kufufuka, muda wake umekwisha, wamenieleza. Kisha nikamwita Nieves. Alisimama pale mlangoni na koti lake la kazi, hakuketi. Nikamwambia nyumba hii namwachia yeye.

Akasema, "Baba wa ubatizo, nyumba yako sitaki. Nitalalaje humu? Mimi nataka useme. Yeye alitukanwa mbele za watu, na wewe unamsafisha chumbani?"

Basi, sikilizeni wosia wangu. Nyumba igawanywe mafungu matatu, na fungu la Nieves likae kwa padre. Akilikataa, watoto wake hawajalikataa. Gari ni la Rosalba. Kile kiwanda msikidai kitu, hakina aibu ya kudaiwa.

Na ile karatasi ya kiapo changu kipya isomwe siku ya mazishi yangu, kanisani, jeneza likiwa hapo, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa kunisifu. Usitikise kichwa, Efraín. Jana nilipokudokezea tu kwamba kuna karatasi ya kusomwa juu ya kiwanda, uliniambia, "Baba, mimi ni nyapara pale, wataninyoosha." Najua. Wanaweza. Ndiyo maana nataka usome wewe, si padre. Siku moja watakuletea kijana aliyeumia na karatasi na keki, wakuulize ulisikia harufu gani. Sitaki uwe umekwisha kuzoea kunyamaza.

Soma na jina lake lote. Crispín Ocampo Tinoco. Usiliharakishe.

Rosalba, nishike... hapana, acha mto. Sioni vizuri. Nieves mkae naye benchi la mbele. Akitaka kutoka, mwacheni atoke. Akinitemea mate... msimfute.

Mungu awape afya ya mgongo, wanangu. Awape riziki ambayo... hamtaionea haya mbele ya mtu. Awape... Efraín, umesema utasoma? Sijakusikia. Sema kwa sauti, mwanangu. Sema tena.