Kengele Iliyozimika

Benchi lenyewe ni la manispaa, lakini ukiuliza Jordbro nzima, huku Sweden, Waswahili wanabishania wapi, utaonyeshwa pale mbele ya duka la vyakula, karibu na kituo cha treni. Wenyewe wanapaita Bungeni. Kahawa huja na chupa ya Agripina, jina la kijiweni Sindano, maana anauguza wazee na hamalizi sentensi bila kumchoma mtu. Kashata hakuna, kuna bulle, vile vimkate vitamu vya mdalasini, na wameshazizoea, wafanyeje? Kwenye kona hukaa Herménégilde, dereva wa basi kutoka Bujumbura, aitwaye Redio kwa kuwa hana kitufe cha kumnyamazisha. Katikati ni Mashauri, fundi mitambo, ndiye Spana. Pembeni yake Ludovick, ambaye siku hiyo kahawa ilikuwa inampoa mkononi.

Ludovick wanamwita Ombudi. Wenzake kiwandani walimchagua awe skyddsombud, mtetezi wa usalama wao, mwenye haki ya kusimamisha kazi akiona hatari ya kuua mtu. Cheo kizito, shukrani hakuna. Yeye na Spana wako kiwanda kimoja, cha dawa za kusafishia. Mle ndani tangi la klorini na tangi la tindikali ni majirani, na midomo ya kujazia imekaa bega kwa bega. Bomba la mpira la lori likifungwa kwenye mdomo usio wake, vitu viwili vile vikikutana, inatoka gesi nzito inayotambaa sakafuni na kuchoma mapafu. Ndiyo maana chumba cha pampu kina kengele ya kunusa gesi. Na jana Ombudi aliikuta taa yake imekufa, waya umechomolewa, ncha zimefungwa tepu nyeusi, pembe ya tepu imekunjwa kidogo ili baadaye ibanduke kirahisi. Kiwanda kizima anayekunja tepu hivyo ni mmoja tu, na sasa alikuwa anamega bulle ubavuni pake.

Lori la tindikali lilikuwa linakuja leo mchana, kwenye zamu ya Ombudi. Asimamishe kazi au asisimamishe? Mara ya mwisho aliposimamisha, ilionekana hakuna kitu. Watu walikosa treni, wakamcheka wiki nzima. Na safari hii bosi lazima atauliza ni nani, na Spana bado yuko kwenye kazi ya majaribio.

— Kengele ya chumba cha pampu imezimika, alisema hatimaye, kama mtu anayeongelea hali ya hewa.

— Imezimika, eeh, Spana akadakia upesi. Unyevu huo. Vuli hii hata mimi magoti yanazimika.

— Kabla haijazimika si ilikuwa inalia kila siku? Sindano akauliza.

— Inalia bila sababu! Spana akasema. Ikilia, wote nje kwenye baridi, tunahesabiwa kama mbuzi. Turudi ndani, inalia tena. Watu walikuwa wamechoka, dada yangu.

Redio akakohoa. Redio akikohoa, jua habari inakuja.

— Sababu iko, weye. Mabosi wanaifanya ilie makusudi. Mtu achoke, aache kazi, halafu walete roboti. Nimesikia kwenye basi langu.

— Kwenye basi lako umesikia hata bahari inauzwa, Sindano akamjibu. Mimi nasema ni manukato. Ombudi anajipulizia utafikiri anaenda posa. Pua ya mashine inachanganyikiwa.

— Sijipulizii kazini, Ombudi akasema.

— Basi ni ile sabuni yako ya kunyolea. Usibishe, nimekaa upande upepo unakotokea.

Wakacheka. Ombudi naye akacheka, huku moyo unamuuma.

— Bon, sikilizeni, Redio akasogea mbele. Mashine hizi zimezaliwa Sweden. Zimezoea kimya. Sisi tukiongea wawili tu, yenyewe inahesabu kuna ajali. Spana akimsalimia mtu, inasema, mwisho wa dunia huu! Inalia.

— Acha kutupiga kamba! Sindano akasema.

— Kamba gani? Ondoa Waswahili mule ndani, uone kama italia.

— Sasa imenyamaza, na Waswahili tumo, Spana akasema. Iacheni ipumzike. Wahenga walisema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Ombudi akageuka kumtazama.

— Ng'ombe hapo ni nani, Spana?

— Si... ni sisi.

— Na chura anayetuambia maji yana sumu?

Spana akameza bulle bila kutafuna vizuri.

— Mwenzangu unazidisha. Haraka haraka haina baraka. Lori lije, lishushe, liondoke, kesho mtu ataiangalia. Leo ukisimamisha tena, watakuita yule mtoto mchunga mbuzi aliyelia fisi, kumbe fisi hakuna.

Hilo lilimgusa Ombudi mahali pabaya, maana lilikuwa kweli. Tena kengele iliponyamaza juzi, hata yeye alishukuru. Alikunywa kahawa yake ndani, kwenye joto, akasema moyoni, afadhali. Alimpenda Spana. Huyu ndiye aliyemtafutia chumba alipofika, ndiye aliyemfundisha kuvaa soksi mbili. Leo amtoe sadaka kwa waya?

Hapo treni ilikuwa imesimama kituoni na kuondoka, na mwanamke wa makamo akawa anawajia, mkoba begani, viatu vya kazi mkononi ndani ya mfuko.

— Hamjambo? Natafuta kaka Ludovick. Naitwa Prudence. Niliambiwa nitamkuta hapa, leo nianze naye kazi, anionyeshe chumba cha pampu.

Wakamwonyesha Ombudi, wakamsogezea nafasi. Kwa kuwa naye alitoka Bujumbura, Redio alimuuliza ukoo, mtaa na kanisa kabla hajaketi. Prudence akajibu yote kwa subira. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali miaka mingi, alisema, na madawa makali anayafahamu kidogo. Sindano akainamisha chupa ampe kahawa. Kikatoka kikombe nusu.

— Tulikuwa tunaongelea kengele ya humo unamoenda, Redio akamwambia. Ile ya gesi. Imezimika.

Prudence akashika kikombe, hakunywa.

— Samahani, kaka, Kiswahili cha kwetu na chenu huwa vinapishana. Imezimika, au imezimwa?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Watu wa basi la Jordbro wasingeamini. Sindano akamtazama Ombudi, Ombudi akatazama mikono yake, Spana akatazama treni ambayo haipo.

— Nauliza tu, Prudence akasema, akiona kama amekosea adabu. Ikiwa imezimika, nitamngoja fundi. Ikiwa imezimwa, basi yuko mtu anajua. Huyo ndiye ningependa aniambie kama niingie.

Ombudi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda na joto masikioni. Alikuwa ametumia neno lile, imezimika, kumfunika rafiki yake, na blanketi lenyewe lilikuwa linatosha watu wote isipokuwa huyu mama atakayeinama chini kuunga mpira.

Akatoa simu. Akampigia bosi, akasema kwa Kiswidi, polepole, asikosee: anasimamisha kazi chumba cha pampu, skyddsstopp, lori lisishushe hata tone, na kengele iwe imerudi kwanza ndipo mtu aingie. Upande wa pili pakawa na maneno mengi. Kisha likaja swali, na hata Sindano asiyejua mambo ya kiwanda alilisikia: nani?

Ombudi akamtazama Spana. Simu ikabaki sikioni, jina liko kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kusema sijui. Angeweza.

Spana akajipangusa sukari ya bulle kwenye suruali, akanyoosha mkono.

— Lete hapa.

— Spana...

— Lete, mshikaji. Kiswidi changu cha kuombea maji, lakini neno la "mimi" nalijua.

Ombudi akampa simu.