Maksi Tisa kwa Kumi

Benchi yangu iko nyuma ya soko la Kitale, pale lami inapoishia na njia ya kwenda Kipsongo inapoanza. Mimi ni Gladwell, nauza kahawa ya tangawizi, na kwa miaka sita nimesikia kila jambo likiamuliwa hapo: bei ya mbolea, siasa, ndoa za watu. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Wanyonyi, mtu wa Misikhu, aliwahi kupuliza filimbi kwenye mechi za mashinani, kwa hivyo anaitwa Refa, ingawa yeye mwenyewe hutamka Lefa, maana r na l humchanganya. Wachira anatengeneza simu kwenye kibanda kilichoegemeana na changu. Huyo ni Fundi. Wa tatu ni Walubengo. Alikuwa mwalimu hadi kandarasi yake ikaisha, na sasa hucheza magemu ya simu na kuyachambua kwa video: uzuri wa gemu, ubaya wa gemu, kisha anaipa maksi juu ya kumi. Wazazi wengi humsikiza kabla ya kumwekea mtoto chochote. Kwenye mtandao anajiita Mwalimu wa Magemu. Sisi wa benchi humwita Maksi. Ijumaa hiyo alifika saa nne na nusu asubuhi, amekumbatia tableti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na hakusalimia.

— Maksi, sasa? — Refa akamwambia. — Leo umefelisha gemu gani?

Walubengo alimgeukia Fundi.

— Hii kitu inaweza kuonyesha mtu ako wapi?

— Mtu gani?

— Jirani wa Viola.

Viola ni binti yake, miaka kumi na minne. Mamake, Emmy, anapika katika hospitali ya misheni kule Lugulu, na hurudi nyumbani Jumamosi. Kwa hivyo siku tano za wiki ni baba na binti, na hiyo tableti moja katikati yao.

— Si mko na majirani wengi? — nikauliza.

— Si jirani wa ploti, Mama. Jirani wa ndani ya gemu.

Akatueleza. Kuna gemu inaitwa Boma la Majirani. Unapewa shamba, unalima, unafuga, na shamba lako limepakana na mashamba ya wachezaji wengine. Mkipatana mnasaidiana kuvuna, na mnaandikiana. Yeye mwenyewe aliichambua miezi mitatu iliyopita. Fundi alikuwa na hiyo video kwenye simu yake, akaifungua. Sauti ya Walubengo ikatoka, changamfu, sauti ya mtu anayeuza kitu kizuri: "Uzuri wa kwanza, majirani wanaongea. Mtoto wako hatakuwa mpweke kamwe. Ubaya? Inamaliza chaji haraka. Mimi naipa maksi tisa kwa kumi."

— Zima, — Walubengo akasema.

— Ngoja kidogo, hapa unaeleza vile...

— Fundi, zima!

Aliwasha tableti. Viola alikuwa ameisahau chini ya mto baada ya kucheza usiku, Walubengo akasema, na wakati anaichukua akaona maandishi. Akatusomea. Mwanzoni hayakuwa na ubaya wowote. "Umekula?" "Pole na baridi ya leo." "Hesabu imekushinda wapi, nikusaidie?" Wiki baada ya wiki. Huyo mtu alijiita Jirani Mwema. Halafu ujumbe wa jana jioni: "Kesho saa sita, kwa magari ya Bungoma. Nakuletea simu yako mwenyewe. Usimwambie Maksi."

Fundi ndiye alitangulia kuelewa.

— Msee, online si unajiita Mwalimu wa Magemu?

— Ndio.

— Hilo jina la Maksi umewahi kuliandika mahali?

— Hakuna mahali. Hata nyumbani silitaji.

Nikaona Refa akimtazama Fundi. Fundi akanitazama mimi. Mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuhesabu kichwani nyuso za wote waliowahi kushika vikombe vyangu: makanga, wabeba magunia, wauza mitumba, watu wanaongoja gari, watu sijui wanaongoja nini. Walikuwa wengi mno.

— Sikizeni, — Fundi akasema haraka. — Si lazima iwe mtu wa hapa. Hii tableti iko na maikrofoni. Kila siku anaiweka hapa kwa benchi. Inatusikia tukimwita Maksi. Inarekodi. Inapeleka.

— Inapereka kwa nani? — Refa akauliza.

— Kwa wenyewe. Hata inawezekana hakuna mtu, bana. Siku hizi kompyuta inafunzwa kuongea kama binadamu. Inakuuliza umekula, na yenyewe haijui ugali ni nini.

— Na hiyo kompyuta itakuja steji saa sita na miguu gani? — nikamuuliza.

Refa akasogea karibu, akashusha sauti.

— Mimi nawaambia hivi. Kule kwetu Misikhu kuna mzee arizikwa na simu yake mfukoni. Ati familia irisahau kuitoa. Wiki mbiri baadaye wajukuu wanapata mesej: mmekura? Mmerara vizuri? Vile vile tu, kama huyu.

— Refa, wacha, — nikamwambia.

— Wanajibu! Na aliyejibu wa kwanza akagonjeka.

— Simu haiwezi kukaa na chaji wiki mbili, — Fundi akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

— Kaburi haritumii sitima ya chaji, ndugu yangu.

Siku nyingine tungecheka. Kulikuwa na jua, soko limejaa watu, mtu anapiga kelele za viatu vya mtumba, na sisi wanne tumebanana kwenye benchi kama kuku waliosikia mwewe.

— Kwa hivyo unataka kufanya nini? — nikamuuliza Walubengo.

— Nitaenda hiyo saa sita. Mimi mwenyewe. Nimwone uso.

— Sawa! — Fundi akasema. — Wacha akuje. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote, lakini hapo ilinishika roho kama mkono wa baridi.

— Fundi, utafute ingine, — nikamwambia.

— Basi, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Hiyo ndiyo mbaya zaidi, — Refa akasema. — Tena nikikumbuka ire ya heri jirani wa karibu...

Hakuimalizia. Akatazama chini. Wakaanza tena, ati labda ni mzazi aliyekasirishwa na video fulani, ati labda wenye hizo magemu wanalipa watu kuiba watoto kupitia satelaiti, ati kuna kikundi Nairobi. Nilijua walichokuwa wanafanya. Kila jambo la mbali walilotaja lilikuwa afadhali kuliko lile la karibu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja na gunia lake la vitunguu, anangoja gari la Kapenguria lijae. Nilikuwa nimemmiminia kahawa na kumsahau. Baadaye nilijua anaitwa Chesang. Aliweka kikombe chini polepole.

— Samahani wazee, — akasema. — Mimi ni mgeni hapa. Na huyo msichana ako wapi saa hii?

— Shule, — Walubengo akasema.

— Umeuliza shule?

Walubengo akatafuta simu mfukoni. Refa akanitazama, nami nikamtazama Fundi. Saa nzima tulikuwa tumekaa pale. Tulikuwa tumefika kaburini na Nairobi na kwenye satelaiti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepigia simu shule iliyo hatua mia tatu kutoka hapo.

Walubengo akapiga. Tulisikia upande wake tu.

— Mwalimu, habari. Ni babake Viola... Ndio. Nilitaka kujua kama ako darasani... Barua? Barua gani?... Mamake ni mgonjwa? — Akasimama. — Mwalimu, mimi sijaandika barua.

Sikumbuki nani alitangulia kukimbia. Niliacha birika juu ya makaa na pesa za asubuhi kwenye kikopo. Chesang aliacha vitunguu vyake. Tulipita katikati ya soko tukiangusha vitu vya watu, tukitukanwa, Refa mbele na tumbo lake lote, akiita "njia! njia!" Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na kitu.

Steji ya magari ya Bungoma siku ya Ijumaa ni bahari ya vichwa. Nilizoea kupita hapo bila kumwona mtu yeyote. Sasa niliona kila mwanamume. Yule anayekula mahindi. Yule aliyeegemea mlingoti na gazeti. Makanga, muuza soda, mzee mwenye koti zuri asiye na mzigo. Kila mmoja alikuwa yeye.

Chesang ndiye alimwona, na hakuwa amewahi kumwona maishani.

— Sweta ya nani hiyo imevaliwa ndani-nje?

Viola alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya duka la magunia, miguu pamoja, mikono magotini. Sweta ya shule aliigeuza ili nembo isionekane. Alipotuona alisimama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeokolewa. Ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa.

— Baba, mnafanya nini?

Walubengo alipiga magoti pale kwenye vumbi na kumshika kiuno kwa mikono yote miwili, vile unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Watu wakaanza kugeuka.

— Baba, simama. Watu wanaona.

Hapo ndipo tableti ikalia. Fundi alikuwa ameibeba. Aliangalia kioo, akanipa nisome.

"Mbona umekuja na watu wengi?"

Sijawahi kuogopa hivyo, na nimezika mume. Alikuwa hapo. Alikuwa anatuona. Niligeuka upande huu, nikageuka ule, na kila mtu alikuwa na simu mkononi, kila mtu, kama siku zote. Refa alianza kupiga kelele.

— Toka! Toka tukuone! Wewe si mwanaume? Toka!

Watu walidhani ni mlevi. Wengine walicheka. Gari moja likajaa na kuondoka, na jingine likachukua nafasi yake. Fundi alijaribu kuandika jibu, lakini shamba la Jirani Mwema lilikuwa limeshatoweka. Palipokuwa na nyumba na ng'ombe na mahindi yake palibaki nyasi tu, na maneno madogo: mchezaji huyu hayupo tena.

Tulienda polisi moja kwa moja. Afisa wa zamu, mwanamke mtulivu, aliandika yote, akaichukua tableti, akatukataza kufuta chochote. Hakutucheka. Alisema jambo moja tu lililonibakia: kwamba watu kama huyo huwa hawaandami mtoto mmoja tu. Nasimulia haya miezi miwili baadaye, na bado hajapatikana. Walubengo alirekodi video nyingine kesho yake, akasema alikosea, akaeleza wazazi vile kuongea kunafungwa ndani ya hiyo gemu na mahali pa kubonyeza. Maksi hakutoa. Kwenye benchi hatumwiti Maksi tena. Na mtu nisiyemjua akiketi, nampimia kahawa yake nikimtazama usoni muda mrefu kuliko adabu.

Lakini alasiri ile, tulipotoka polisi, hatukujua pa kwenda, basi tukarudi kwenye benchi. Vitunguu vya Chesang vilikuwepo, na gari lake lilikuwa limeondoka bila yeye. Birika lilikuwa limekauka na kuungua chini. Nilikwangua nikapata kikombe kimoja, nikakiongeza maji moto na sukari, nikampa Viola. Alikishika kwa mikono miwili, katikati ya baba yake na Refa, mara yake ya kwanza kukaa hapo.

Wanaume hawakuweza kunyamaza. Hofu yao ilikuwa imegeuka hasira.

— Ni yule wa gazeti, — Fundi akasema. — Naapa. Nilimwona akiikunja.

— Hapana, arikuwa kwa gari riroondoka. Kiti cha nyuma.

— Si ningemkaba! — Fundi akasema. — Ningemkaba na hizi mikono.

— Na wewe msichana, — Refa akamgeukia, sauti yake ikilegea katikati, — urimwamini aje mtu hujawahi ona? Mtu hata sura yake huijui?

Viola alikunywa kidogo. Alifikiri, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali darasani na anataka kulijibu vizuri.

— Alikuwa ananiuliza kama nimekula, — akasema. — Kila siku.

— Hiyo tu?

— Kwani ni nani mwingine alikuwa ananiuliza?

Fundi aliangalia viatu vyake. Refa akavua kofia. Walubengo alikuwa ameshika goti la binti yake, na nikaona mkono ule ukifunguka, ukibaki wazi, haujui uende wapi. Nilichukua birika nikaanza kulisugua kwa mchanga.